Tanuri la Naila

Jumapili, 15 Juni

Leo ni miezi mitano na siku tisa tangu niondoke nyumbani Kibondo. Niliondoka na panga, blanketi na ahadi ya kurudi kabla binti yangu Gloriose hajaolewa. Jana mke wangu Costansia aliazima simu ya jirani akanipigia kwenye simu ya tajiri wangu. Siku imepangwa: Jumamosi, tarehe 30 Agosti.

"Usipokuwepo, kaka yako ameshasema atakaa yeye," alisema.

Anazungumzia kiti. Kwetu siku ya kumtoa binti huwekwa kiti kimoja uani. Anayekikalia ndiye anayepigiwa magoti na wakwe, na ndiye bwana harusi atakayemwita baba mpaka afe. Kaka yangu alikalia kiti cha binti wa mdogo wetu miaka minne iliyopita, wakati baba mtu yuko kazini Mpanda. Leo mkwe akifika kijijini anashukia kwa kaka. Kwa mdogo wetu anapita kusalimia tu, na baiskeli haiegeshi.

Nimenunua daftari hili nihesabu siku. Shule niliachia darasa la tano lakini mwandiko wangu unasomeka. Nimeandika jina langu juu ya jalada, Uwizeye, kwa sababu hapa Nyabiyonza hakuna anayelitumia. Hapa naitwa Muha, kwa kabila langu.

Jumanne, 17 Juni

Kuvuna. Ukungu mpaka saa nne. Mgongo.

Ijumaa, 20 Juni

Kuvuna. Tajiri wangu ni mzee Seif, mwenye duka hapa senta. Shamba lake la kahawa liko nyuma ya nyumba, linashuka mpaka kwenye migomba ya Rwegoshora. Mzee Seif si mkali. Maneno yake machache, kama mtu anayeyauza.

Mkali ni mama yake, Bi Shadya. Anakaa barazani kwenye mkeka kutwa nzima, macho yameingia ukungu, lakini kahawa mbichi anaisikia. Nikimwaga ndoo kwenye turubai anasema, "Muha, hapo umechuma za kijani." Nikichambua, nazikuta. Aliletwa hapa kutoka Pangani akiwa bibi harusi, miaka hamsini iliyopita, na bado anasema huku amekuja kutembea tu.

Simpendi. Naandika ukweli.

Jumapili, 22 Juni

Leo nimepata njia ya kurudi!

Amekuja kaka mkubwa wa mzee Seif, anaitwa Ilyas, anakaa Bukoba na ana lori. Ni mtu wa kucheka. Aliponiona nabeba gunia alisema, "Huyu jamaa ana shingo ya ng'ombe, mmemtoa wapi?" Nikamwambia Kibondo.

"Kibondo! Mwezi wa nane nakwenda huko huko kufuata maharage. Nitalala hapa Ijumaa tarehe 22, Jumamosi alfajiri naondoka. Utapanda bure, utaniimbia njiani nisisinzie."

Akanipiga bega. Tarehe 23 kuondoka, 24 nimefika, na siku sita za kupumzika kabla ya kiti. Nauli ya basi sina mpaka kahawa iuzwe, na kahawa itauzwa Septemba. Kwa hiyo ni lori hilo au hakuna.

Katika watu wote niliokutana nao huku, Ilyas ndiye mwema kuliko wote.

Alhamisi, 3 Julai

Binti wa mzee Seif, Naila, amerudi kutoka Mwanza alikosomea upishi. Amekuja na sanduku moja la nguo na mawili ya vyombo. Amenisalimia shikamoo, nikashangaa, maana hapa wananipita kama nguzo.

Jumapili, 6 Julai

Nimesikia yote kwa sababu nilikuwa natengeneza mlango wa stoo.

Naila anataka chumba cha mbele cha duka afungue mgahawa. Baba yake hataki kusema ndiyo, na hataki kusema hapana. Akasema, "Ilyas ndiye mkubwa. Akija, mpikie. Akiomba kuongezewa, chumba chako."

"Nitampikia piza," Naila akasema.

"Chapati ya Wazungu," akasema Bi Shadya kutoka barazani.

"Bibi, si chapati. Na mimi yangu itakuwa na vya hapa hapa. Ndizi mbivu, asali ya Kibingo, kitunguu kilichopikwa mpaka kikawa kama jamu, jibini nitaigandisha mwenyewe. Juu, senene wakavu."

"Asali juu ya kitunguu? Tamu ni tamu, chumvi ni chumvi, mwanangu. Mungu aliziweka mbali. Na hao panzi miaka hamsini sijawatia mdomoni, sianzi leo."

Mzee Seif akauliza itaokwa wapi. Naila akasema inahitaji tanuri la udongo lenye moto mkali, na hapa hakuna wa kulijenga. Sijui nilipata wapi mdomo. Nikasema mimi nimechoma matofali miaka kumi na miwili, tanuri nalijua kama mke wangu.

Mzee Seif akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu anipe kazi. "Tanuri likisimama na chakula kikaiva, unaondoka na Ilyas hata kama kahawa haijaisha. Lisiposimama, unabaki umalize kahawa."

Nikakubali. Nikarudi kwenye mlango wangu. Nilikuwa sijui kwamba safari yangu ilikuwa na masharti. Sasa nimeyaweka mimi mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Kuvuna mpaka saa tisa. Kisha kubeba mawe ya msingi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimechimba udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata. Nimeuponda kwa miguu pamoja na nyasi na kinyesi cha ng'ombe. Rwegoshora, jirani, akasimama kwenye mpaka na kibuyu chake kuniangalia. Ni mkulima mzee, Mlutheri, lakini rubisi yake, pombe ya ndizi, inajulikana mpaka Kanoni. Jumapili anasali, Jumatatu anakanda ndizi.

"Waitu, Muha! Kwenu mnaoka matofali, huku wamekufundisha kuoka maandazi?"

"Nalijenga tanuri la piza."

"Piza ni mtu gani?"

Nikamweleza. Akafikiri, akanywa. "Senene na asali. Mke wangu akinipa hivyo nitajua amechoka na mimi."

Jumapili, 20 Julai

Msingi umekauka. Nimerundika mchanga kama tumbo la mjamzito, nikauvika majani ya mgomba mabichi, juu yake nikaanza kuupaka udongo, unene wa kiganja. Naila amekaa kwenye ndoo ananiuliza kila kitu. Kwa nini majani, kwa nini unene huu. Nilidhani ni binti wa kudekezwa. Sivyo. Akashika udongo kwa mikono yake mpaka kwenye viwiko, na Bi Shadya akapiga kelele, "Naila! Utaonekana kama Muha!"

Naila akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 28 Julai

Nimetoa mchanga. Kuba limesimama peke yake. Nimelala chini kando yake nikiwa nimechoka lakini nimeridhika.

Jumatatu, 4 Agosti

Naila amejaribu piza kwenye kikaango, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Chini iliungua, juu ilikuwa mbichi. Akanipa kipande cha katikati. Nilifikiri nitakula kwa adabu tu. Kitunguu kilikuwa kitamu kuliko ndizi, jibini ina chumvi, halafu asali ikaja mwishoni na pilipili nyuma yake. Senene nikamtoa kwa kidole nikamweka pembeni.

"Baba Gloriose, huwezi kumla kidogo tu?" Nilikuwa nimemtajia jina la binti yangu wakati wa udongo. Amelishika.

"Kwetu yule ni mdudu."

"Kwetu ni nyama ya mgeni. Mwanamke akikupa senene, amekupa heshima."

Nikamla. Anavunjika kama ngozi ya kuku iliyokaangwa. Costansia asijue.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Agosti hapa mvua hainyeshi. Ndivyo kila mtu anavyosema. Saa nane mchana upepo ukageuka, Rwegoshora akapiga kelele kutoka kwake, nikatazama juu na kuona wingu limekuja kutoka upande wa Kyerwa kama moshi wa tanuri lenye kuni mbichi. Kahawa yote ilikuwa nje kwenye maturubai, kavu tayari. Tanuri lilikuwa limekauka nje lakini ndani bado, na paa la majani nililokuwa nimeahidi kuliweka nilikuwa sijaliweka.

Nilikuwa na mikono miwili na turubai moja la ziada. Mzee Seif yuko mjini Kayanga, Naila yuko Kibingo kufuata asali. Nilisimama katikati. Naandika ukweli: niliona kiti. Nilimwona kaka yangu amekikalia na kanzu yangu. Nikakimbilia tanuri na turubai mkononi.

"Muha!" Bi Shadya akaita. "Unakwenda wapi? Kahawa iko huku!"

Macho hayaoni, lakini alisikia miguu yangu inaelekea upande gani. Nikageuka. Nikakunja maturubai ya kahawa moja baada ya jingine, nikayavuta chini ya baraza, na Bi Shadya, mwenye miaka sabini na kitu, akatambaa kwenye sakafu akivuta ncha za maturubai kwa mikono yake. Kahawa yote iliingia. Tulipomaliza mvua ilikuwa imeshapiga tanuri nusu saa.

Lilikuwa limepasuka kutoka mdomoni mpaka mgongoni. Ufa wa kuingiza vidole vitatu.

Nilikaa kwenye matope. Bi Shadya akauliza kutoka barazani, "Limekwenda?"

"Limekwenda, bibi."

Akafuta mikono yake kwenye kanga. "Ulikuwa na turubai mkononi ukaliacha tanuri," akasema. "Nimesikia." Kisha akaingia ndani.

Zimebaki siku kumi na tatu.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee Seif amekagua kahawa, kavu. Amekagua tanuri. "Makubaliano ni yale yale," akasema. Hakusema asante. Nilidhani nitamchukia lakini nilikuwa nimechoka mno.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeupanua ufa, nimeulowesha, nimeujaza udongo mpya wenye majivu. Nimelivika tanuri koti la pili. Moto wa vijiti tu, siku nzima, kama unamnywesha mgonjwa uji.

Alhamisi, 14 Agosti

Moto mdogo.

Ijumaa, 15 Agosti

Moto mdogo. Ufa mwembamba umerudi, kama unywele. Nimeuziba. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 17 Agosti

Costansia amepiga. Kaka yangu ameshashona kanzu.

Jumanne, 19 Agosti

Moto mkubwa wa kwanza, kuni za mkaratusi. Kuba limekuwa jeusi, kisha likawa jeupe ndani, na hilo ndilo joto lenyewe. Nimekaa masaa mawili nimeukazia macho ule unywele. Haukufunguka. Naila alikuwa nyuma yangu hapumui.

"Limeshika?"

"Limeshika."

Alikimbia kumwambia bibi yake. Mimi nilitazama upande wa kusini.

Alhamisi, 21 Agosti

Kila kitu tayari. Maziwa yameganda kwa ndimu, jibini inaning'inia kwenye kitambaa. Vitunguu vimepikwa tangu saa tano mpaka saa tisa. Unga umekandwa jioni na hamira kutoka duka la baba yake, ulale mpaka asubuhi.

Kesho Ilyas. Keshokutwa lori. Nimefunga blanketi.

Jumamosi, 23 Agosti

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Jana alfajiri Naila alinigongea mlango wa stoo. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Baba Gloriose, njoo uone." Donge la unga lilikuwa limekaa kwenye beseni vile vile lilivyowekwa jioni. Nikaligusa, baridi, zito kama udongo wangu. Hamira ilikuwa imekufa. Nikaiangalia paketi: rangi imefifia kwa kukaa kwenye jua la dirisha la duka, hata maandishi hayasomeki. Akachukua nyingine dukani, akaijaribu kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari. Haikutoa hata tone la povu. Zote zilikuwa za dirisha lile. Maduka mengine ya senta hayauzi hamira, na Kayanga kwenda na kurudi ni mchana.

"Ami Ilyas ataona chapati ngumu," alisema. "Atacheka, na baba atacheka naye, na imekwisha." Alikuwa hasemi na mimi.

Mimi nilikuwa nasema na nafsi yangu. Chakula kikaiva, mzee Seif alisema. Kisipoiva, nabaki.

Nikachukua jagi nikashuka kwa Rwegoshora. Alikuwa anafunua rubisi ya juzi. Kwenye ule mtumbwi wa mti anaokandia ndizi, povu lilikuwa limepanda limevuka ukingo, jeupe, linasema kama sufuria inayotokota. Nikamwomba povu. Akanijazia na kucheka, "Wa piza wameanza kunywa?" Nikapanda na jagi langu.

Naila akauliza ni nini. Nikamtazama machoni nikasema, "Ni maji ya ndizi. Mama yangu alikuwa anaumulia unga."

La mama lilikuwa kweli. Mama yangu aliumua maandazi kwa povu la pombe ya ndizi, akawapelekea mapadri, nao wakala. Tangu utotoni kwangu povu ni dawa ya unga kama chumvi ilivyo dawa ya mboga. Lakini kama nilikuwa sioni kosa, kwa nini sikusema rubisi? Nimejiuliza hili tangu jana.

Saa sita donge lilikuwa limejaa beseni. Naila alilibonyeza kwa kidole likarudi juu, akacheka kama mtoto. Ilyas akafika, akapiga honi mara tatu, akanikumbuka: "Shingo ya ng'ombe! Umefunga mzigo?" Wakaenda msikitini, wakarudi saa nane. Tanuri lilikuwa jeupe ndani.

Naila alinyoosha duara, akapaka kitunguu, akapanga ndizi vipande vyembamba, akanyunyiza jibini. Nikaiingiza kwa ubao wangu mrefu. Ukingo ukavimba mbele ya macho yangu, ukapata madoa meusi. Nikaitoa, akaimwagia asali na pilipili, akatupa senene kwa konzi. Nyingine tatu zikafuata. Harufu ile siwezi kuiandika. Nilikuwa nimejenga kitu kinachofanya kazi, na kilifanya kazi.

Wakakaa kwenye mkeka barazani, Bi Shadya katikati. Naila akapita na birika wakanawa mikono, mmoja mmoja. Bi Shadya akasema, "Bismillahi." Wengine wakaitikia kwa midomo.

Ndipo jambo likanishukia. Si kwamba sikujua mwanzoni kuwa nyumba hii hawanywi pombe. Nilijua. Lakini nilikuwa nimejua kama unavyojua jina la mtu usiyemwita. Wale watu walikuwa wamesafisha kila kitu, mikono, mkeka, maneno, na mimi nilikuwa nimewawekea kitu katikati.

Niliwaza lori kwanza. Naandika ukweli. Niliwaza lori, kisha kiti, kisha kanzu ya kaka yangu, na baadaye ndipo nikawaza watu. Nikaona hakuna atakayejua. Ilyas alikuwa ameshanyanyua kipande, jibini imevutika uzi kutoka kwenye sinia mpaka vidoleni mwake.

"Mzee," nikasema. "Msile."

Mzee Seif akageuka. "Kuna nini? Mjusi kaangukia?"

"Unga umeumuka kwa povu la rubisi. Nimelitoa kwa Rwegoshora. Bi Naila hajui, nilimwambia ni maji ya ndizi."

Bati la nyumba lililia kwa jua. Ilyas alirudisha kipande, akafuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Umetaka kutulisha pombe," akasema polepole. "Nyumbani kwetu. Siku ya Ijumaa."

"Hapana, mzee."

"Nani kakutuma? Yule mlevi wa migombani?"

"Ilyas, nyamaza," Bi Shadya akasema. "Muha, sogea. Sioni mbali. Nani alikuwa anajua jambo hili?"

"Mimi peke yangu, bibi."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Na kesho ulikuwa upande gari la nani?"

"La mzee Ilyas."

Akawageukia wanawe. "Mmesikia."

"Nimesikia," Ilyas akasema. "Na kwenye gari langu hapandi. Mtu anayedanganya asubuhi na kutubu mchana, usiku atafanya nini nikiwa nimesinzia?"

Yule mtu wa kucheka. Hakuwa ameongeza sauti hata kidogo. Mzee Seif aliangalia mkeka. Hamira iliyokufa ilitoka dukani kwake na alijua, lakini hakuna aliyeuliza habari ya hamira.

Naila hakulia. Alibeba sinia, akanipita, akasimama. "Uliniangalia machoni," akasema. Katika maneno yote ya jana hilo ndilo lililoniingia.

Nikaenda kuzima moto. Nilikuwa nimeshavuta kuni ya kwanza niliposikia fimbo ya Bi Shadya inagonga chini, inakuja.

"Unafanya nini? Moto bado upo?"

"Upo, bibi."

"Basi usiuguse. Naila! Lete beseni lingine. Unga, chumvi, samli, maji ya moto. Nishikilie nikae. Sisi Pangani hatumwiti mlevi aje kutuumulia chapati."

Naila akasema, "Bibi, bila hamira haitakuwa piza."

"Itakuwa njaa imekwisha. Kanda."

Kisha bibi akavuta beseni, akakanda mwenyewe. Mikono ile ya mishipa ilijua kitu ambacho chuo cha Mwanza hakikumfundisha mjukuu wake. Akaisukuma nyembamba mpaka niliona kivuli cha vidole vyake kwa upande wa pili. Naila akapaka kitunguu, ndizi, jibini. Nikaiingiza na kuitoa kabla sijamaliza kuhesabu sitini. Iliiva kavu, ikavunjika kwa sauti. Asali ikatanda juu bila kuzama.

Ilyas alikula kipande kimoja akitazama barabarani. Kisha mkono wake ukaenda kwenye sinia wenyewe, ukachukua cha pili. Na cha tatu.

"Hujaomba kuongezewa," mzee Seif akasema.

"Sijaomba."

"Mkono umeomba," Bi Shadya akasema. "Mpe mtoto chumba chake." Halafu akatia mdomoni kipande chake, na senene wote juu. Sote tukamtazama. Akatafuna, akatulia, akatafuna tena. "Kumbe ni uduvi wa nchi kavu," akasema. "Miaka hamsini mmenificha."

Hata Ilyas alicheka. Lakini hakunitazama.

Leo alfajiri nilisikia lori linawashwa. Nilikuwa nimekaa juu ya blanketi langu lililofungwa. Nilifikiri labda honi. Halikupiga honi. Lilipanda kilima, likabadilisha gia, sauti ikaisha.

Saa mbili mzee Seif akaja mlangoni pa stoo. "Nilisema likisimama na chakula kikaiva, uko huru. Limesimama. Kimeiva. Uko huru." Akakohoa. "Gari sina." Alipofungua duka nilimwona anazitoa zile paketi za dirishani, anaziweka mfukoni.

Uhuru bila gari. Ni siku saba mpaka kiti.

Nilikuwa nachambua kahawa, maana sikuwa na kingine cha kufanya, Rwegoshora alipotokea kwenye mpaka anasukuma baiskeli yake, ile ya kubebea mikungu, yenye kiti cha chuma nyuma. Jana Naila alimpelekea piza zote zilizoumuka. Amekula tatu, yeye na mkewe.

"Waitu, nimesikia," akasema. "Na kile kitu ni kizuri, nitamwomba mke wangu radhi. Sasa sikiliza. Povu lilikuwa langu, basi na miguu iwe yangu. Chukua. Lakini ndizi zangu nazifukia shimoni ziive tarehe kumi na mbili Septemba. Siku hiyo niwe nayo."

Nikaushika usukani. Kwetu Kibondo tunaendesha baiskeli mpaka Uvinza na mzigo. Ni siku nne, labda tano.

"Muha!" Bi Shadya akaita. Nikaenda. Alikuwa amefunga kitu kwenye kitambaa, bado cha moto. "Hiki ni mkate wa njiani. Hakina hamira, hakiozi." Akashika kifundo cha mkono wangu, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. "Siku ya mvua uliacha tanuri ukashika kahawa. Jana uliacha gari ukashika ukweli. Baba Gloriose, nenda kakae kwenye kiti chako. Ukirudi, tanuri hilo hakuna mwingine anayejua kuliwasha."

Ni mara ya kwanza kunitaja kwa jina la mwanangu. Nimempa shikamoo kwa magoti. Alisema marahaba kama mtu aliyekerwa.

Naila alikuwa ndani ya chumba cha mbele anafagia. Nilisimama mlangoni. "Bi Naila, nisamehe." Akafagia mpaka ukutani, akageuka. "Ukirudi utanifundisha ule moto wa vijiti," akasema. "Na usinidanganye tena." Si msamaha wote. Nimeuchukua huo uliopo.

Jumapili, 24 Agosti

Nimeondoka alfajiri. Naandika kando ya barabara, kusini mwa Omurushaka, kwenye kijiji ambacho sikuuliza jina. Vumbi mpaka kwenye meno. Mnyororo umetoka mara mbili. Milima ya leo nimeisukuma kwa miguu zaidi ya kuiendesha, na mapaja yanawaka kama tanuri lenyewe. Kipande cha mkate wa Bi Shadya nimekila saa nne; ndani nimekuta senene.

Lori la maharage liliniacha tangu jana. Litakuwa limeshafika.

Nimeazima simu ya muuza chumvi nikampata Costansia. Amenipa kaka yangu, alikuwa pale pale. Nilimwambia avae kanzu yake, ni harusi ya mtoto wake pia. Na nikamwambia hivi, kama ninavyoandika hapa: nipo njiani na baiskeli, mnyororo ukivumilia natarajia kufika nyumbani Jumatano tarehe 27, jioni, kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Kiti kiwekwe. Kisikaliwe.